Nani Aliwapa Ruhusa? Tuliyojifunza kwa Kusoma Sheria ya Afya ya Akili Tukiwa Kazini

(Hotuba iliyotolewa na watumishi wawili wa kitengo cha afya ya akili katika mkutano wa robo mwaka wa watumishi na kamati za huduma. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

 

Tumeombwa kueleza habari za masomo yetu. Sisi tuliosimama mbele yenu ni wawili: mmoja ni muuguzi wa afya ya akili, mwingine ni ofisa ustawi wa jamii. Hakuna mwanasheria kati yetu. Hata hivyo tulisoma sheria ya afya ya akili kwa muda wa ziada, katika ngazi ya baada ya shahada ya kwanza, huku tukiendelea na zamu zetu na safari zetu za vijijini. Wengi mmetuuliza: muuguzi na sheria, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Leo tutajaribu kulijibu, na katika kulijibu itatubidi tuseme na kosa letu.

Swali lililotupeleka darasani

Miaka kadhaa iliyopita kaka mmoja alimleta dada yake kwenye nyumba yetu ya huduma. Habari hii tunaisimulia kwa ruhusa ya dada huyo, bila kutaja jina wala kijiji. Alikuwa halali usiku, akizungumza peke yake, na siku mbili kabla ya kuletwa alitoka nyumbani akiwa hana nguo. Kaka alitueleza yote, nasi tukaandika. Dada mwenyewe hatukumwuliza neno. Kaka akatia sahihi kwenye daftari, akaacha shuka mbili na fedha ya chakula, akaondoka.

Tulimpokea kwa upendo. Tulimpa dawa alizoandikiwa na daktari, tulimlisha, tulimwombea, na kila jioni saa kumi na mbili tulifunga mlango wa chumba chake kwa kufuli, kwa nje. Alikaa nasi wiki saba.

Aliporudi nyumbani akiwa na nafuu, alikuta shamba lake la ekari mbili, alilopewa na marehemu mama yake, limeuzwa. Kaka alikuwa amemwambia mnunuzi na viongozi wa kitongoji kwamba dada yake ni kichaa, yuko kwa watu wa dini, na kwamba sasa yeye ndiye msimamizi wa mali. Kama ushahidi alionyesha karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa stakabadhi yetu ya kumpokea mgonjwa, na ilikuwa na muhuri wetu.

Dada huyo alikuja kutuona. Hakuja kwa fujo. Aliketi kwenye benchi la nje, akamwambia muuguzi: "Sista, sina ugomvi na dawa, zimenisaidia. Ila naomba kuuliza. Nani aliwapa ruhusa?"

Tukamjibu, "Kaka yako."

Akasema, "Kaka yangu ni kaka yangu. Je, mimi ni nani?"

Ndugu wajumbe, hatukuwa na jibu. Tulifungua daftari letu la wagonjwa, tukahesabu. Kati ya watu wote waliolala katika nyumba ile mwaka huo, hakuna hata mmoja aliyetia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo tulipoanza kutafuta mahali pa kujifunza.

Kusoma ukiwa kazini

Kozi tuliyoipata ilitolewa katika mji wa Pune, nchini India, na Chuo cha Sheria cha ILS. Ilikuwa stashahada ya kimataifa ya afya ya akili, haki za binadamu na sheria, na ilianza kutolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Jambo lililotuvutia ni kwamba haikuwekwa kwa ajili ya wanasheria peke yao. Ilikuwa wazi pia kwa wahudumu wa afya, watumishi wa serikali, ndugu wa wagonjwa, na watu ambao wao wenyewe wamewahi kuugua. Muda wake ulikuwa mwaka mmoja. Mara mbili tulikwenda Pune kuhudhuria masomo ya ana kwa ana. Muda uliobaki tulisoma tukiwa nyumbani na kutuma kazi zetu kwa intaneti.

Tusiwadanganye: kusoma ukiwa kazini si jambo jepesi. Tulijipangia kuamka saa kumi alfajiri na kusoma hadi saa kumi na mbili, kabla nyumba haijaamka. Umeme ukikatika tulisoma kwa tochi ya simu. Mwishoni mwa mwezi fedha ya vocha za intaneti ilishindana na fedha ya sukari. Mtoto wa mmoja wetu aliuliza kwa nini mama anapewa kazi za shule na yeye ni mtu mzima. Ada na nauli zilichangiwa, sehemu na shirika na sehemu kutoka kwenye mishahara yetu, na familia zetu zilibana matumizi bila kunung'unika sana.

Ugumu mwingine ulikuwa lugha. Kiingereza cha hospitali tunakifahamu, lakini Kiingereza cha mahakama ni nchi nyingine. Kurasa kumi za kwanza zilituchukua wiki nzima. Hivyo tulinunua daftari la mistari, na kila neno gumu tuliloliona tulitafuta Kiswahili chake: ridhaa, uwezo wa kisheria, kuzuiliwa, mapitio, uwakilishi, rufaa. Daftari hilo lilitufundisha kuliko tulivyotarajia. Huwezi kutafsiri neno "ridhaa" bila kujiuliza ni lini mara ya mwisho uliiomba.

Tuliyoyakuta katika vitabu

Kabla ya kozi tulidhani sheria ni orodha ya makatazo. Tulijifunza kwamba kazi yake kubwa katika eneo letu ni kuuliza maswali. Mtu akizuiliwa mahali kwa sababu ya ugonjwa wa akili, sheria huuliza: Nani ameamua? Kwa ushahidi gani wa kitabibu? Kwa muda gani? Nani mwingine atapitia uamuzi huo? Na mgonjwa mwenyewe atalalamika wapi?

Kesi ya kwanza tuliyoisoma kwa makini ilitoka mbali, Uholanzi. Bwana Winterwerp alilazwa katika hospitali ya akili kwa nguvu, na muda wake ukawa unaongezwa na mahakama bila yeye kusikilizwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba ili mtu azuiliwe ni lazima ugonjwa uthibitishwe na utaalamu wa kitabibu, uwe wa kiwango kinachohitaji kumzuia, na kuzuiliwa kudumu tu kadiri ugonjwa huo unavyodumu. Lakini kilichotushtua ni sehemu nyingine ya hukumu hiyo. Bwana huyo, kwa kule kulazwa tu, alikuwa amepoteza mamlaka ya kusimamia mali yake, na hakuna aliyemsikiliza juu ya jambo hilo. Mahakama ilisema hilo nalo ni kosa: ugonjwa wowote ule haumnyimi mtu haki ya kusikilizwa kuhusu mali yake. Tuliposoma ukurasa ule tulitazamana. Lilikuwa ni lile shamba la ekari mbili.

Kesi ya pili ni ya Afrika. Watetezi wawili wa afya ya akili, Purohit na Moore, walipeleka malalamiko dhidi ya Gambia mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Walilalamikia sheria ya mwaka 1917, ya wakati wa ukoloni, iliyoruhusu watu kuzuiliwa kwa ugonjwa wa akili bila nafasi ya kupinga, na iliyowaita kwa majina ya kudhalilisha. Vilevile wagonjwa hawakuwa wakipiga kura. Mwaka 2003 Tume iliamua kwamba Gambia imevunja Mkataba wa Afrika, na kwamba yale majina yenyewe yanawaondolea watu utu wao. Mkataba huo Tanzania iliuridhia mwaka 1984, kwa hiyo si habari ya wageni. Tulijiuliza ni mara ngapi katika ripoti zetu tumeandika "kichaa" au "mwendawazimu", kisha tukazituma kwa wafadhili zikiwa na picha.

Tulisoma pia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba wapewe msaada wa kuutumia uwezo huo. Ibara ya 14 inasema kuwepo kwa ulemavu si sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Juu ya ibara hizi wataalamu wanabishana hadi leo. Kitabu cha mwongozo wa kutunga sheria ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 2005 kiliondolewa baadaye kwa sababu kiliandikwa kabla ya Mkataba kuanza kutumika, na mwaka 2023 shirika hilo, pamoja na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo mpya unaokazia ridhaa na huduma za kijamii badala ya kulazimishwa. Hii ina maana kwamba aliyesoma miaka ya nyuma analazimika kusoma tena.

Na nyumbani je? Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya magonjwa ya akili. Inatofautisha mtu anayelazwa kwa hiari na mtu anayelazwa bila hiari, na kwa huyu wa pili inaweka utaratibu wa kufuatwa. Juu ya hiyo ipo Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa au kufungwa isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nayo Kanuni ya Adhabu inahesabu kumfungia mtu isivyo halali kuwa kosa la jinai. Haisemi "isipokuwa aliyefungia ana nia njema". Tuliitafuta sentensi hiyo kwa bidii, wala hatukuipata.

Dawa na dua

Ndugu zetu wa dini, sehemu hii inatuhusu sisi sote, wa kanisani na wa msikitini. Huko India tulifundishwa habari za Erwadi, katika jimbo la Tamil Nadu. Karibu na kaburi la mtu mtakatifu, mahali ambapo watu wa dini mbalimbali huenda kuomba uponyaji, palikuwa na nyumba nyingi za kutunza wagonjwa wa akili. Nyumba hizo hazikuwa na kibali. Ndugu walileta wagonjwa wao kwa imani, wakalipa, wakarudi makwao. Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001 moto uliwaka katika mojawapo ya nyumba hizo. Wagonjwa walikuwa wamefungwa kwa minyororo kwenye vitanda na nguzo. Watu 28 walifariki.

Baada ya msiba huo serikali ilizifunga nyumba zile, mamia ya wagonjwa wakahamishwa, na Mahakama Kuu kabisa ya India ikalishughulikia suala hilo yenyewe bila kusubiri mlalamikaji. Sheria mpya ya India ya mwaka 2017 imepiga marufuku kumfunga mgonjwa minyororo kwa namna yoyote ile.

Mwalimu alipomaliza kusimulia, darasa lilikaa kimya. Sisi tulikuwa tunawaza funguo za ile kufuli. Wakati wa usiku zilikaa katika chumba cha mlinzi, upande wa pili wa uwanja, hatua themanini kutoka kwenye milango. Tulipima baadaye.

Lakini tulifundishwa pia jambo la kutia moyo. Katika jimbo la Gujarat, kwenye kaburi la Mira Datar, madaktari na watunzaji wa mahali hapo waliacha kugombana wakaanza kufanya kazi pamoja. Mtu anayekuja kuombewa huombewa, kisha mtunzaji yule yule humwelekeza kwenye kliniki iliyoko hapo hapo. Mpango huo unaitwa Dava na Dua. Wenzetu wa India walishangaa tulipocheka kwa furaha, kwa kuwa hawakujua kwamba maneno hayo ni yetu pia: dawa na dua.

Wala si jambo geni kwetu. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1904, miaka mingi kabla ya Hospitali ya Mirembe ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927. Watu wa imani walitangulia katika huduma hii. Waliotangulia wanapaswa kutangulia pia katika kutii sheria.

Kufuli

Tuliporudi tuliomba kikao na kamati, tukapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayeletwa aelezwe mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, huduma ni ipi na ana haki ya kukataa; akikubali, atie sahihi au dole gumba yeye mwenyewe. Pili, yule ambaye hali yake ni mbaya na hakubali, asibaki kwetu hata usiku mmoja chini ya ufunguo. Apelekwe hospitali ya wilaya, ambako utaratibu wa kisheria unaweza kufuatwa. Tatu, kufuli ziondolewe.

Jambo la tatu lilizua mjadala wa saa tatu. Mzee mmoja wa kamati, ambaye tunamheshimu sana, alisema: "Wanangu, mmesoma vizuri, hongereni. Lakini usiku mgonjwa akitoka akagongwa na gari, hiyo sheria yenu itakuja kumzika?" Hatukumbeza. Alikuwa amewahi kumpoteza mpwa wake kwa namna hiyo hiyo.

Kufuli ziliondolewa. Nasi tuseme ukweli wote: mwezi wa pili mgonjwa mmoja alitoka usiku. Tulimtafuta hadi alfajiri, na yule mzee alikuwa pamoja nasi na tochi yake, bila kusema "niliwaambia". Tulimkuta stendi ya mabasi, ameketi na wauza kahawa, anakunywa. Alisema alitaka tu kuongea na watu. Usiku huo ulitufundisha kwamba kuondoa kufuli bila kuongeza mtu ni kukwepa wajibu. Tangu hapo kuna mhudumu wa usiku aliye macho, anayekaa upande ule ule wa milango. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kufuli. Kwa ajili hiyo tulipunguza vitanda kutoka kumi na viwili hadi vinane, na kuna familia zilizokasirika kwa kukosa nafasi. Pia kuna ndugu walioacha kuleta wagonjwa wao waliposikia hatufungi mlango. Tunajua kwamba baadhi yao sasa wanawafunga wenyewe nyumbani. Hili linatusumbua, na ndiyo maana safari zetu za vijijini zimeongezeka.

Stakabadhi pia tumeibadilisha. Hairudishwi tena mkononi mwa ndugu. Hupewa mgonjwa mwenyewe. Chini yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba karatasi hii haimpi mtu yeyote mamlaka juu ya mali ya mgonjwa.

Na yule dada? Tulikwenda naye kwenye baraza la ardhi la kata kwa ajili ya usuluhishi. Ofisa ustawi wetu alieleza kwamba kuamua nani asimamie mali ya mtu mgonjwa ni kazi ya mahakama, wala si ya kaka, na kwamba hakuna awezaye kuuza kisicho chake. Muuguzi wetu alisimama akasema mbele ya watu kwamba karatasi ile ilikuwa ya kwetu, kwamba hatukuwa na haki ya kuitoa vile, na akaomba radhi. Ilikuwa dakika ngumu. Shamba lilirudi. Mahindi ya msimu ule hayakurudi, na fedha ya mnunuzi kaka bado anailipa kidogo kidogo. Dada na kaka hawajaanza kusalimiana. Sheria ilirudisha udongo. Undugu bado unasubiri kazi ya wazee na ya maombi.

Yanayowahusu ninyi

Ndugu wajumbe, si lazima kila mtu aende India. Lakini yapo tunayowaomba.

Kwanza, kwa watumishi vijana wanaotaka kusoma: someni, na msisubiri kupata likizo ya masomo. Kozi za muda wa ziada na za masafa zipo kwa ajili ya watu wenye kazi na watoto. Tafuteni mwenzenu wa kusoma naye. Sisi wawili, kila mmoja peke yake angeacha mwezi wa tatu. Ombeni mkataba na mwajiri wenu kwa maandishi kabla ya kuanza: siku ngapi mtapewa, nani atashika zamu, na nani atalipa nini. Na chagueni kazi za darasani zinazotokana na kazi zenu. Insha yetu ya mwisho ilikuwa fomu ya ridhaa tunayoitumia sasa.

Pili, kwa viongozi wa dini: mtu akiletwa kwenu amefungwa kamba, mwombeni aliyemleta amfungue kwanza, kisha mwulizeni aliyefungwa jina lake. Mwiteni kwa jina hilo. Ombeni naye akipenda, kisha msindikizeni kituo cha afya. Hakuna dua inayoharibiwa na dawa.

Tatu, kuhusu jambo zito la watu waliojaribu kujiua. Katika Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu tuliyoisoma, jaribio hilo limehesabiwa kuwa kosa. Matokeo yake ni kwamba familia humficha mtu aliyenusurika badala ya kumleta hospitali, kwa kuogopa polisi. Sheria ya India ya mwaka 2017 inachukulia kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa katika msongo mkubwa, na inaiagiza serikali impe huduma. Nchi jirani ya Kenya iliirekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa kinapingana na Katiba. Tunaomba mkutano huu ulijadili jambo hilo kwa utulivu. Sisi sote tunafundisha kwamba uhai ni zawadi. Tujiulize kama jela ndiyo mahali pa kumfundishia hayo mtu aliyeponea chupuchupu.

Nne, kwa kamati za vijiji: mkiona mtu amefungwa nyuma ya nyumba, msianze na kashfa. Mara nyingi waliomfunga wamechoka, wameuza mbuzi na mabati kutafuta tiba, na wanaogopa. Mzee mmoja tuliyemtembelea alikuwa amemfunga kijana wake kwenye mti wa mwembe kwa miaka miwili, na kila siku alikula chakula chake chini ya mwembe huo huo ili mtoto asile peke yake. Mtu kama huyo haendi kwanza kwa hakimu. Anahitaji dawa zifike kijijini, jirani wa kupokezana naye usiku, na mtu wa kumweleza taratibu kwamba mnyororo ni kosa na kwamba ipo njia nyingine. Kijana huyo sasa hajafungwa. Hajapona kabisa, siku nyingine huzunguka kijiji akiimba. Watu wamezoea, wanamwitikia.

Mwenyekiti, tunamalizia. Wapo wanaosema kwamba sheria ni ya mahakamani na huruma ni ya kanisani. Sisi tulikuwa na huruma kwa miaka tisa, tukiwa na kufuli mkononi. Hatukuwa watu wabaya. Hatukuwa tumeulizwa tu. Aliyetuuliza ni mtu ambaye kila mmoja alidhani hana akili ya kuuliza.

Cheti chetu cha stashahada kimetundikwa ofisini. Chini yake tumetundika ile stakabadhi ya zamani yenye muhuri, ili tusijisahau. Na kila anayeingia katika nyumba yetu ya huduma leo, kabla hajapimwa presha wala kupewa kitanda, husikia swali moja kutoka kwa anayempokea: "Ndugu yangu, je, unaturuhusu?"

Wengine husema ndiyo. Wachache husema hapana. Wote wawili tunawaandika daftarini.